Mtangazaji wa Chati Asiishike Chati

Ukitaka kujua kwa nini vipindi vya kuhesabu nyimbo bora havidumu kwenye redio zetu za Mtwara na Lindi, usianze na sauti za watangazaji. Sauti tunazo. Anza na orodha: hizo nyimbo ishirini zimepatikanaje? Mara nyingi jibu ni moja kati ya mawili. Ama orodha imechukuliwa nzima nzima kutoka Dar es Salaam ikaja kusomwa upya huku, au mtangazaji ameipanga mwenyewe Ijumaa usiku kwa kufuata masikio yake, urafiki wake na, wakati mwingine, kilichoingia kwenye simu yake.

Msimamo wangu ni kwamba mtangazaji wa chati, yaani wa hiyo orodha ya nyimbo bora, asiwe mtu wa kupanga chati. Kazi hizo mbili zikikaa kwa mtu mmoja, wasanii watamzunguka na wasikilizaji watashtukia. Siku kipindi kinapofutwa, jina lake linaondoka nacho.

Wa kumtazama katika kazi hii ni Casey Kasem wa Marekani. Vijana wengi hawamjui kwa jina, ila sauti yake wameisikia, maana ndiye aliyekuwa sauti ya Shaggy kwenye katuni za Scooby-Doo kuanzia 1969. Alizaliwa Detroit tarehe 27 Aprili 1932 kwa wazazi Wadruze wenye asili ya Lebanon, akafanya redio ya jeshi alipopelekwa Korea, kisha akahamahama vituo kama wanavyohamahama watangazaji wetu. Tarehe 4 Julai 1970 kipindi chake cha kuhesabu nyimbo 40 bora, American Top 40, kikaanza kusikika kwenye vituo saba tu. Mara ya mwisho kuhesabu nyimbo hewani ilikuwa 4 Julai 2009, miaka 39 kamili baadaye.

Watu husifia sauti yake, na kweli ilikuwa na ukaribu wa pekee. Lakini kilichomlinda ni kwamba orodha haikuwa yake. Ilitoka kwenye Billboard, jarida la muziki la Marekani linalopanga chati, na hakuwa na uwezo wa kuupandisha wimbo anaoupenda hata ngazi moja. Kumbuka kwamba miaka kumi tu kabla ya hapo Marekani ilikuwa imetikiswa na kashfa ya watangazaji kulipwa kwa siri ili wapige nyimbo fulani. Alan Freed, aliyekuwa mtangazaji maarufu kuliko wengi, aliporomoka kwa sababu hiyo, na mwaka 1960 sheria ikabadilishwa ili kuzuia mchezo huo. Kasem alikaa mahali ambapo kumhonga kusingekuwa na maana.

Sasa, kama hapangi orodha, mtangazaji anafanya nini? Anabeba kisa. Kwa maelezo yake mwenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1960 akiwa kituo kimoja cha Oakland, California, bosi wake alimtaka aache vichekesho na sauti za kuigiza, azungumzie wasanii. Akiwa hana cha kusema, akaokota kwenye pipa la taka jarida lenye habari fupi fupi za maisha ya waimbaji. Hapo akaanza mtindo wake wa kuuliza kabla ya wimbo na kujibu baadaye. Anatoa nusu ya kisa bila kumtaja mhusika, inapita jingo (kile kipande kifupi cha sauti cha kutambulisha kipindi) au tangazo, ndipo anamalizia kwa jina na wimbo unaingia. Msikilizaji hawezi kubadili stesheni katikati.

Mtindo huo unahitaji utafiti, na hapa ndipo wengi wetu huchoka mapema. Kwa msanii wa Kusini hakuna jarida la kuokota. Inabidi kumpigia simu yeye na prodyuza wake, kila mmoja kivyake, na kuuliza mambo machache yanayoshikika: wimbo ulirekodiwa wapi, nani alipiga gitaa au alitengeneza biti, mstari upi ulibadilishwa dakika ya mwisho na kwa nini. Majibu yao yakipishana, kipande hicho kinaachwa. Kisa kimoja kilichothibitishwa chenye sentensi tatu kinatosha wimbo mzima. Umbeya wa nani anatoka na nani hauhitaji simu hata moja, ndiyo maana umejaa, lakini ukiurusha leo, kesho msanii huyo hatapokea tena simu ya kituo chako.

Turudi kwenye orodha. Hatuna Billboard ya Kusini, na nyimbo zinazotazamwa sana mtandaoni hazitupi picha yetu, kwa kuwa hesabu ile ni ya nchi nzima na dunia pamoja. Inayotamba Sinza ya Dar es Salaam inaweza isijulikane kabisa Nanyumbu. Njia iliyo wazi ni kuhesabu wenyewe kutoka sehemu tatu. Ya kwanza ni vibanda vya kurusha nyimbo kwenye memori kadi na flashi. Chagua vibanda kumi vilivyotawanyika: sokoni Mtwara mjini, stendi ya Mkanaledi, karibu na kivuko cha Msangamkuu, Mkuti pale Masasi, Newala, Tandahimba, stendi ya Lindi, Mingoyo, Nachingwea na Ruangwa. Kila kibanda kitoe nyimbo kumi zilizoombwa zaidi wiki hiyo. Ya kwanza ipate alama 10, ya mwisho alama 1. Wimbo ulioongoza kila mahali utakuwa na alama 100. Ya pili ni madijei sita wa sherehe, wale wanaopiga kwenye harusi na shughuli za uswahilini, kwa utaratibu uleule, alama 60 zikiwa ndiyo juu kabisa. Ya tatu ni ujumbe mfupi wa simu: namba moja ya simu, kura moja kwa wiki. Wimbo ulioongoza upate alama 40, wa pili 36, wa tatu 32, na kuendelea kupungua nne nne mpaka wa kumi wenye alama 4.

Jumla ya juu inakuwa 200, na simu zimebaki na moja ya tano tu. Nimeziweka chini makusudi. Kura za simu ndizo rahisi kununuliwa: msanii anagawa vocha kwa marafiki thelathini, wanashinda wakituma. Pia kura za simu hufuata mfuko. Minada ya korosho ikianza Oktoba, mkulima wa Tandahimba ana salio. Ikifika Aprili hana, na chati itaonyesha kana kwamba kijiji kizima kimeacha kusikiliza muziki. Kijana anayelipa ili aongezewe wimbo kwenye memori kadi ameamua kwa hela yake mwenyewe, na hiyo ndiyo kura ninayoiamini.

Nayo ina mitego yake. Mwenye kibanda akijua ni siku gani anahesabiwa, wasanii nao watajua. Kwa hiyo apigiwe siku tofauti kila wiki, na vibanda viwili kati ya kumi vibadilishwe kila mwezi. Madijei nao wengine ni mameneja wa wasanii kwa upande wa pili. Aliye na msanii wake asihesabiwe. Nyimbo zikifungana alama, iliyotajwa na vibanda vingi zaidi ikae juu, hata kama ile nyingine ina simu nyingi. Wimbo ulioshuka kwa wiki tatu mfululizo ukiwa chini ya namba 15 utoke, maana usipoweka kanuni hiyo chati hugeuka kisima cha nyimbo kuukuu na ingizo jipya halipati pa kukaa.

Orodha ifungwe Alhamisi saa 12 jioni na ishikwe na mtu asiyeingia hewani. Kwenye kituo kidogo chenye wafanyakazi sita au saba, mhasibu au katibu anafaa sana. Mtangazaji apewe karatasi Ijumaa asubuhi, ikiwa imeshasainiwa. Msanii akimjia na bahasha, jibu lake linakuwa fupi na la kweli: mimi nasoma tu.

Kuna nyimbo zitakazoingia kwa hesabu halali lakini haziwezi kupigwa saa nane mchana. Singeli ni mfano ulio wazi. Nyingine zina maneno ambayo TCRA, mamlaka ya mawasiliano, haitayavumilia, na anayewajibishwa ni kituo. Nyimbo za unyago pia. Zina watu wake na mahali pake, na kuzirusha kwenye spika za daladala ni kuwavunjia heshima makungwi waliozitunza. Lakini usiifiche nafasi ya wimbo wa aina hiyo. Taja namba, taja jina la msanii, piga vipande vya ala peke yake kwa sekunde ishirini, endelea. Ukiuruka wimbo kimyakimya, wanaoujua watasema umeiuza namba.

Sasa hesabu ya saa, kwa sababu vipindi vingi vya chati hufia hapo: namba moja inaingia taarifa ya habari ikiwa inagonga mlango, inakatwa katikati. Chukua saa mbili, yaani dakika 120. Toa dakika 10 za habari na 20 za matangazo, zinabaki 90. Nyimbo ishirini kwa wastani wa dakika tatu na nusu ni 70. Maneno ya mtangazaji, sekunde 45 kwa kila wimbo, ni 15. Jingo ishirini za sekunde nane hazifiki dakika tatu. Umebakiwa na dakika mbili hivi za dharura, basi. Ndiyo maana mtangazaji anayezungumza dakika mbili kwa kila wimbo hafiki namba moja. Atakuwa ametumia 40 mahali pa 15. Kasem mwenyewe alibanwa na hesabu hiihii. Kipindi chake kilianza kwa saa tatu za nyimbo 40, lakini nyimbo za miaka ya 1970 zikawa zinarefuka, na Oktoba 1978 kikaongezwa kuwa saa nne.  Huku kwetu saa ya ziada haitapatikana, kwa hiyo afadhali chati ya 15 iliyokamilika kuliko ya 20 inayokimbizwa.

Karatasi ya kipindi iwe na safu hizi kwa kila wimbo: namba ya leo, namba ya wiki jana, wiki ngapi kwenye chati, urefu, sekunde kabla mwimbaji hajaanza, na jinsi unavyoisha, ghafla au kwa kufifia. Safu ya tano ndiyo inayomtofautisha mtangazaji na msomaji. Tuseme wimbo wa namba 14 una sekunde 12 za ala kabla ya sauti. Kwa mwendo wa kawaida Kiswahili kinakupa maneno yasiyozidi 25: "Wiki jana alikuwa wa kumi na tisa. Leo amepanda ngazi tano. Kijana wa Mikindani huyu, na mashabiki wake wakubwa wako Masasi. Namba kumi na nne." Unafunga mdomo, mwimbaji anafungua wake. Ukizidisha hata jina moja utamkanyaga, na kila mtu kwenye bajaji atasikia. Maneno haya huandikwa na kusomwa kwa sauti na saa mkononi siku moja kabla. Wanaodhani hutoka papo hapo hawajawahi kukaa ndani ya studio.

Ubora wa faili nao ni kero. Wasanii wetu wanatuma nyimbo kwa WhatsApp, zimepitia simu nne, zimebanwa hadi ngoma inasikika kama inapigwa ndani ya debe. Kituo kitamke wazi kwamba kinapokea faili ya WAV au MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde, kwa barua pepe au flashi. Kisha nyimbo zote zisawazishwe sauti kabla ya kuingizwa kwenye kompyuta ya studio, la sivyo wimbo wa zamani wa dansi utanong'ona na singeli inayofuata itampasua mtu masikio.

Salamu zinahitaji aya yake, kwa sababu ndizo zenye nguvu zaidi kwetu. Mwaka 1978 kipindi cha Kasem kilianzisha sehemu ya barua kutoka kwa watu waliotengana na wapendwa wao, kila moja ikifuatiwa na wimbo ulioombwa. Kwa Watanzania waliokulia na kadi za salamu za Radio Tanzania, hilo si geni hata kidogo. Na mikoa yetu ina vijana wengi Kariakoo, ina ndugu ng'ambo ya Ruvuma upande wa Msumbiji, ina mabinti walioolewa mbali. Barua moja nzuri kwa wiki, iliyosomwa yote, inashinda majina sitini yanayomwagwa kwa pumzi moja. Lakini aliyeandika apigiwe kwanza kuthibitisha, na ikiwa ni jambo la kifamilia lenye maumivu, anayetajwa naye aulizwe. Namba ya simu isisomwe hewani hata mwenyewe akiomba.

Mpangilio wa salamu hizo ndio uliomkasirisha Kasem mwaka 1985, akiwa anarekodi. Barua ya msikilizaji aliyefiwa na mbwa wake ilikuwa imewekwa mara tu baada ya wimbo wa kuchangamka, naye akatoa maneno makali sana kwa timu yake. Kanda ile ilivuja na imesikilizwa na watu wengi. Matusi sitayatetea. Hoja yake ilikuwa sahihi. Mtangazaji hawezi kutoka kwenye furaha ya wimbo wa kucheza akaingia msibani kwa pumzi moja. Dawa ni kuweka barua ya huzuni baada ya tangazo au habari, iongozwe na ala tulivu za sekunde kumi, na wimbo unaofuata uwe wa taratibu. Namba za chati hazibadilishwi, ila mahali pa barua panabadilishwa.

Jambo jingine la kuchukua ni jinsi kipindi kilivyosafiri. American Top 40 haikurushwa moja kwa moja. Ilirekodiwa, ikakandamizwa kwenye santuri, kila upande takriban nusu saa, zikatumwa kwa posta kwenye vituo pamoja na karatasi ya maelekezo, na kila kituo kikaweka matangazo yake kwenye mapengo yaliyoachwa. Hilo linatufaa hasa sisi. Mawimbi ya FM huenda kwa mstari ulionyooka, hivyo redio ya mjini Mtwara haiwezi kuifikia Kusini yote, na redio iliyo juu ya uwanda wa Newala inasikika bondeni lakini si Kilwa. Kila kituo kuanzisha chati yake ni kugawana umaskini. Rekodini moja, chati ya Kusini, isikike Mtwara, Masasi, Newala, Lindi, Nachingwea na Ruangwa saa ileile ya Jumamosi.

Kwa kilobiti 128 saa mbili ni kama megabaiti 115. Zikikatwa vipande vinne vya nusu saa, kila kimoja hakifiki megabaiti 30, na bando la kawaida linavipakua. Weka na njia ya pili. Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari zilikatika na nchi nzima ikakwama, na mwezi huohuo mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi. Lakini flashi iliyotoka Mtwara kwa basi la Ijumaa ingefika Masasi siku hiyohiyo. Vituo viwe vimepokea nakala kabla ya saa 12 jioni Ijumaa, na kila kimoja kibaki na kipindi kimoja cha akiba, kwa mfano nyimbo bora za miezi mitatu, kwa siku umeme au mtandao ukigoma.

Kuhusu maisha ya mtangazaji mwenyewe, wengi huku wanaishi kwa u-MC kuliko mshahara, na sioni ubaya. Mtu wa burudani anaburudisha. Kasem naye alikuwa na katuni zake na matangazo. Ila alijua kukataa: aliacha kuigiza kwenye katuni za Transformers kwa sababu ya jinsi zilivyowachora Waarabu, na alirudi kuwa Shaggy mwaka 2002 baada ya kukubaliwa kwamba mhusika huyo hatakula nyama, kama yeye. MC anayezindua wimbo wa msanii Ijumaa asiuhesabie alama Alhamisi. Kwa mpango niliouandika hapo juu, hilo limeshajitatua.

Mkataba ndio eneo wanaloumia zaidi. Kasem alipoachana na American Top 40 mwaka 1988, jina la kipindi lilibaki na kampuni, na kipindi akapewa mtangazaji mwingine, Shadoe Stevens. Januari 1989 ikambidi aanze upya kwa jina lingine, na chati nyingine, mpaka aliporudi kwenye jina la zamani 1998. Mwaka 2004 akakikabidhi kwa mtangazaji Ryan Seacrest, yeye akabaki na vipindi vingine vya kuhesabu nyimbo hadi 2009. Mtangazaji wa Lindi aliyebuni jina la kipindi aandike kwenye mkataba ni la nani, kabla ya siku ya kwanza hewani; jina la biashara husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na kulisajili mapema ni rahisi kuliko kuligombania baadaye. Kituo nacho kitunze karatasi za chati, kwa kuwa ndizo kumbukumbu safi ya nyimbo zilizopigwa pindi suala la mirahaba, yaani malipo ya wasanii nyimbo zao zikipigwa, likija mezani.

Matangazo yauzwe kwa nafasi, kamwe yasiuzwe kwa namba. Kampuni ya simu au duka la pembejeo linaweza kudhamini nusu saa ya pili, lakini mdhamini mwenye msanii ndani ya chati arudishiwe hela yake. Na kipindi kianze Septemba mwanzoni, kiwe na wiki nne hewani kabla ya minada ya korosho, kwa sababu mfanyabiashara wa Masasi anataka kusikia kwanza ndipo atoe hela, na Oktoba ndio mwezi anaokuwa nayo.